UZI: Rauta ya pili kwenye intaneti ya waya nyumbani, zilivyogombana kwetu Moshi na jinsi nilivyozipatanisha

BintiSoweto (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi, mtaa wa Soweto, nyumba ya mama. Humu jamvini kila wiki mtu anauliza "waifai haifiki vyumba vya uani nifanyeje", anajibiwa "nunua busta" (kifaa cha kuirudia waifai) au "panda kifurushi", uzi unaishia hapo. Na mimi nilijibiwa hivyo hivyo na fundi aliyekuja nyumbani. Nikapanda kifurushi miezi miwili, shida ikabaki palepale. Inaniuma kuona watu wanaendelea kutoa hela kwa ushauri wa namna hiyo, ndiyo maana naandika kwa urefu. Mwenye haraka anisamehe.

Nyumba yetu iko hivi. Boksi la faiba, lile linaloingiza intaneti na kurusha waifai, liko sebuleni, chini ya dirisha la mbele, palepale waya ulipoingilia. Waliokuja kufunga walichagua pa kuwarahisishia kazi. Uani kuna vyumba vitatu, kimoja anakaa mdogo wangu ambaye yuko chuo na masomo mengine anayafuata kwa video. Kutoka kwenye boksi mpaka kitandani kwake kuna ukuta wa sebule, korido, ukuta wa jiko, mstari mzima wa migomba ya mama, halafu ukuta wake yeye. Ni hatua kama thelathini na tano.

Migomba msiichukulie poa. Shina la mgomba limejaa maji, jani vilevile, na maji yanakula mawimbi ya waifai. Jua likiwaka dogo alikuwa anapata mistari miwili. Mvua ikinyesha majani yakalowa, hapati kitu, anaingia kwenye bando lake la simu wakati ndani kuna intaneti tunailipia kila mwezi.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Chukua laptopu, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye boksi, pima spidi. Kisha pima kwa waifai ukiwa umesimama pembeni ya boksi, halafu nenda kule kwenye shida upime tena. Sisi kwa waya tulipata Mbps 20 (kipimo cha spidi) kamili tunazolipia, pembeni ya boksi kwa waifai 19, chumbani kwa dogo 0.8. Hapo jibu lilikuwa limeshajitokeza: intaneti inafika nyumbani ikiwa nzima, inapotea ikiwa ndani ya nyumba yetu wenyewe. Ukipanda kifurushi mpaka 50 bado ukuta ni uleule na mgomba ni uleule.

Sasa nije kwenye kosa. Mjini nilinunua rauta iliyotumika, shilingi 35,000, nzima kabisa. Nikanunua na waya, nikautoa kwenye tundu la LAN (la kuunganishia vifaa vya ndani) la boksi, nikaupitisha jikoni mpaka uani, nikauchomeka kwenye tundu la LAN la rauta ya pili. Taa zikawaka, waifai mpya ikaonekana, dogo akaingia, ikafunguka. Tukafurahi.

Jioni mama anataka kumpigia mjukuu wake kwa video, simu yake inasema imeunganishwa ila hakuna intaneti. Ya kwangu inafanya kazi. Televisheni haifanyi. Nikazima waifai kwenye simu ya mama nikawasha, ikakubali. Dakika ishirini ikagoma tena, mara hii na ya kwangu ikagoma. Nikapiga simu kwa watoa huduma, wakapima upande wao, wakasema laini ni nzima. Na kweli ilikuwa nzima.

Kilichonifumbua macho ni hiki. Niliandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari ili niingie kwenye setingi za boksi, ukafunguka ukurasa wa boksi la faiba. Nikatoka kumjibu mama, niliporudi nikaandika namba ileile, ukafunguka ukurasa wa rangi nyingine kabisa, wa ile rauta ya 35,000. Namba moja, milango miwili. Nilikaa pale nikairudia kama mara sita, inabadilika yenyewe.

Maana yake ni hii, na ndicho kiini cha uzi wote. Kila rauta ikitoka kiwandani inajijua kuwa ndiyo bosi wa nyumba. Inajipa anwani yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na inagawa anwani kwa kila simu inayobisha hodi. Kazi hiyo ya kugawa ndiyo inaitwa DHCP. Pamoja na anwani, simu inaambiwa "ukitaka kutoka nje, pitia kwangu". Ukiweka mabosi wawili kwenye nyumba moja, simu inamsikiliza aliyewahi kujibu. Akiwahi boksi la faiba, unatoka nje. Ikiwahi rauta ya uani, unaelekezwa kwenye mlango usio na njia, maana tundu lake la WAN, la kupokea intaneti kutoka nje, halina kitu. Na kama wote wawili wamejipa namba moja, kama kwetu, hata aliyepata anwani nzuri anaweza kupotezwa katikati. Ndiyo maana ilikuwa inashika na kuachia, na mtu akadhani laini ni mbovu.

Kwa hiyo rauta ya pili ivuliwe ubosi. Ibaki kurusha waifai tu, mengine yote iliachie boksi.

Nilivyofanya: nilichomoa waya unaotoka kwenye boksi, rauta ya pili ikabaki peke yake, nikaunganisha laptopu nayo kwa waya. Nikaingia kwenye setingi. Kwanza nikaweka jina la waifai na paswedi. Pili nikabadilisha anwani yake kutoka 192.168.1.1 kuwa 192.168.1.2. Ikajizima na kujiwasha, nikaingia tena kwa ile namba mpya. Mwisho kabisa ndipo nikazima DHCP. Fuateni mpangilio huo, msianze na DHCP, kwa sababu ukishaizima laptopu inaweza isipate anwani tena na ukajifungia nje. Ikikutokea, ipe laptopu anwani kwa mkono, kwa mfano 192.168.1.50, utaingia. Angalia pia kwenye boksi lako linagawa anwani kuanzia namba ngapi. La kwetu linaanzia 100, kwa hiyo 2 haigombani na mtu. Lako likianzia 2, chagua namba iliyo nje ya mgao.

Baada ya hapo waya ukarudi: LAN ya boksi kwenda LAN ya rauta ya pili, WAN ikabaki wazi. Tangu siku hiyo mama hajaniita.

Rauta nyingi za siku hizi zina sehemu kwenye setingi imeandikwa AP (Access Point, yaani kurusha waifai tu), ukiichagua inafanya hayo yote yenyewe, na kwenye nyingi unaweza kutumia hata tundu la WAN. Ya kwangu ni ya zamani, haina. Kama yako inayo, tumia hiyo upumzike.

Habari ya waya naiweka kwenye posti inayofuata, maana nayo ilinitesa siku mbili.

BintiSoweto

Naendelea. Waya wa kwanza ulikuwa wa muda, umepita juu ya mlango wa jiko. Nikaamua kuufukia. Nilinunua mita 40 za waya wa mtandao aina ya Cat5e na vichwa vyake vya RJ45, dogo akaazima koleo la kubania na kile kipimo chenye taa nane.

Tulikaa kwenye meza ya jikoni. Ukimenya ganda la nje unakuta nyaya nane zimesokotwa mbili mbili: chungwa na mweupe-chungwa, kijani na mweupe-kijani, bluu na mweupe-bluu, kahawia na mweupe-kahawia. Dogo akazipanga anavyoona inapendeza, kila jozi pamoja. Chungwa, kijani, bluu, kahawia. Kule mwisho mwingine akapanga vilevile. Tukachomeka kipimo, taa zikawaka zote nane kwa mpangilio, moja, mbili, tatu mpaka nane. Tukasema kazi imeisha.

Haikuisha. Rauta inaona waya, taa inawaka, ila spidi 2, mara 5, mara inakatika. Nilikaribia kuirudisha rauta dukani. Baadaye ndiyo nikaelewa: kipimo cha taa kinaangalia kama namba moja ya huku inafika namba moja ya kule, basi. Hakijui nyaya zipi zimesokotana. Intaneti inatumia nafasi ya 3 na ya 6 za kichwa kama jozi moja, na ile misokoto ndiyo inayozuia kelele za nyaya jirani. Ukipanga jozi zifuatane tu, nafasi ya 3 inaangukia kwenye kijani na ya 6 kwenye bluu, nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja. Kwenye waya wa mita moja unaweza usione tatizo. Kwenye mita 40 utaliona.

Mpangilio sahihi, ukiwa umeshika kichwa ulimi wake ukiangalia chini, kutoka kushoto: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Kijani kinaachana na mwenzake, bluu zinakaa katikati yao. Huku na kule sawasawa. Tulikata vichwa, tukarudia, nikapima: 20. Nilishika ile simu nikaiangalia muda mrefu.

Mengine kuhusu waya kwa kifupi. Cat5e inabeba mpaka 1,000 Mbps kwa mita 100, kwa hiyo kwa nyumba zetu inatosha sana, usilazimishwe kununua wa bei kubwa zaidi. Cha kuangalia ni shaba. Kuna nyaya za aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwaruza kwa kisu, ukiona weupe ndani uache. Uani ulaze ndani ya bomba la plastiki, kwa sababu ya maji, panya na jembe la mama. Usiulaze bega kwa bega na waya wa umeme. Na radi zikianza, chomoa pande zote mbili. Waya mrefu uliopita nje unaokota umeme hata radi ikipiga mbali kidogo, na unaua vifaa vyote viwili.

MdauSakina

Dada umeandika vizuri ila kwenye busta sikubaliani. Mimi nipo Sakina Arusha, nimepanga, mwenye nyumba hataki nitoboe ukuta hata kwa msumari wa picha. Nimeweka busta na inafanya kazi. Usiwatishe watu.

BintiSoweto

Kaka, umesema kweli, mpangaji ana mipaka yake. Asiyeweza kupitisha waya atumie busta, ila ajue inavyofanya kazi. Busta ya kawaida inasikiliza na kurusha kwa redio moja, kwa hiyo kila kitu inakisema mara mbili na spidi inashuka karibu nusu. Na isiwekwe chumba chenye shida. Watu wengi wanaiweka kule waifai ilikokufa, sasa itarudia nini? Iwekwe katikati ya safari, mahali ambapo simu bado inapata vizuri. Kwetu katikati ya safari ni kwenye migomba, ndiyo maana nikachagua waya.

MamaPasua

Asante mwanangu. Mimi nina wapangaji wanne Pasua, waifai ni moja, paswedi wanayo wote na nahisi na jirani anayo. Nikiweka rauta ya pili upande wao si nitakuwa nimefungua mlango zaidi?

BintiSoweto

Shikamoo mama. Swali lako ni la muhimu kuliko hata la spidi.

Cha kwanza, paswedi ya kuingilia kwenye setingi za rauta, siyo ile ya waifai. Nyingi, hasa za zamani, zinakuja na jina admin na paswedi admin, na mpangaji yeyote anaweza kuingia akabadilisha anachotaka. Ibadilishe leo kwenye maboksi yote mawili. Cha pili, kwenye ulinzi chagua WPA2 au WPA3. Ukikuta rauta iliyotumika imewekwa WEP, iondoe, ulinzi huo ulishavunjwa tangu 2001. Cha tatu, zima WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila paswedi. Mwaka 2011 ilionyeshwa hadharani kwamba ile namba yake ya tarakimu nane inakaguliwa vipande viwili, kwa hiyo anayebahatisha anahitaji majaribio 11,000 tu badala ya mamilioni. Kompyuta inamaliza kwa saa chache.

Kuhusu wapangaji, kwenye hali yako mama mimi nisingeivua ile rauta ubosi. Wewe fanya kinyume na mimi: waya kutoka LAN ya boksi uingie kwenye WAN ya rauta ya wapangaji, DHCP yake iwake, anwani yake iwe ya ukoo tofauti, mfano 192.168.50.1. Hapo wao wanakaa kwenye mtandao wao, na vifaa vyako havionekani kirahisi kwenye orodha zao. Angalizo, wanapita ndani ya mtandao wako kwenda nje, kwa hiyo siyo ukuta wa zege. Kama boksi lako lina waifai ya wageni, wape hiyo, nayo ni nzuri zaidi. Na kila mpangaji akihama, badilisha paswedi.

NjiroKwetu

Mkuu naomba msaada kidogo, japo si wa hapa. Mdogo wangu yupo Marekani, kwao intaneti inaingia kwa ule waya mnene wa televisheni, kuna modemu yenye tundu moja tu. Kompyuta ikichomekwa inafanya kazi. Amenunua rauta mpya kabisa, akiichomeka badala ya kompyuta hakuna kitu. Ameirudisha dukani kapewa nyingine, hali ileile. Nimesoma hapa uzime DHCP, kazima, ndiyo imekuwa mbaya zaidi.

BintiSoweto

Mwambie aiwashe DHCP haraka kaka, niwie radhi kama nimempoteza. Hali yake siyo yangu. Sisi boksi la faiba ni modemu na rauta kwa pamoja, kwa hiyo bosi tayari yupo. Modemu yake ya kebo yenye tundu moja ni modemu tu, haigawi anwani kwa watu wengi. Yeye rauta yake ndiyo inatakiwa iwe bosi: waya kutoka modemu uingie WAN, DHCP iwake, vifaa vyote vikae nyuma yake.

Sababu ya kugoma, kwa unavyoeleza, ni kwamba modemu za kebo zina tabia ya kumkumbuka wa kwanza. Kila kifaa kina namba yake ya kiwandani inayoitwa MAC. Modemu ikiwaka inashika MAC ya kifaa cha kwanza inachokiona, na inakataa kumhudumia mwingine mpaka izimwe. Iliizoea kompyuta. Rauta ilipokuja ikaonekana mgeni.

Azime modemu kabisa, achomoe umeme, na kama ina betri ndani aitoe. Asubiri dakika mbili tatu. Achomeke rauta kwenye modemu kwa tundu la WAN, awashe modemu kwanza, asubiri taa zitulie, ndipo awashe rauta. Ikigoma, kwenye setingi za rauta kuna sehemu ya kunakili MAC; aweke MAC ya ile kompyuta, modemu itadhani ni mtu wake wa siku zote. Ikigoma tena awapigie watoa huduma wasajili kifaa kipya, kuna wanaofanya hivyo kwa mkono.

Na aangalie ule waya mnene. Kama ameugawa mara mbili ili mwingine uende kwenye televisheni, kigawanyo kinakula zaidi ya nusu ya nguvu kwa kila upande. Modemu ipate upande usiogawanywa tena mbele.

NjiroKwetu

Nimemtumia. Kwao sasa hivi ni asubuhi, nitarudi.

FaibaNaMkaa

Swali dogo. Majina ya waifai umeweka mawili au moja? Na chaneli?

BintiSoweto

Jina moja, paswedi moja, ulinzi wa aina moja kwa zote mbili. Simu inahama yenyewe unapotoka sebuleni kwenda uani. Haihami haraka kila mara, kuna simu zinang'ang'ania mnara wa zamani mpaka ufe kabisa, na uamuzi huo ni wa simu, siyo wa rauta. Ya mama ni mojawapo. Ila kumwambia mama achague kati ya majina mawili kila akienda kuanika nguo sikuona ni sawa.

Chaneli, yaani njia za redio ambazo waifai inapita, ziwe tofauti. Kwenye 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 peke yake, hizo ndizo hazikanyagani. Boksi liko 1, ya uani iko 11. Upana wa chaneli weka 20 MHz. Watu wanaweka 40 wakidhani watapata zaidi, kumbe wanachukua nafasi ya jirani na jirani anachukua yao. Ndani ya chumba kimoja 5 GHz ni tamu, ila haipendi ukuta.

Na umeme. Ukikatika, kuwasha boksi peke yake kwenye betri hakusaidii uani, zinatakiwa mbili. Nimeweka viUPS vidogo vya rauta, moja sebuleni, moja kwa dogo. Someni chini ya rauta kabla ya kuchomeka: boksi letu ni volti 12, ya uani ni volti 9. Kichwa cha waya kinaingia kote kote. Ukiipa ya volti 9 zile 12 unaweza kuiunguza hapohapo.

NjiroKwetu

Nimerudi. Kazima modemu akatoa betri, imekubali mara ya kwanza. Alikuwa ameshaandika barua ya kuvunja mkataba. Hata MAC hakuinakili. Asante sana dada.

BintiSoweto

Nimefurahi mno kaka. Mwambie aandike pembeni ya modemu, siku akibadilisha rauta arudie vilevile.

Kwetu imenyesha tangu saa tisa, migomba imelowa mpaka imeinama. Nimetoka kwenda kupima kwa dogo: 18.6. Alikuwa darasani, amenionyesha kwa mkono nifunge mlango.